Mugumo na Kijito cha Ihithe

Wangari Muta Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilayani Nyeri, kwenye nyanda za juu za kati nchini Kenya. Kijiji hicho kimekaa juu ya mmojawapo wa migongo mingi ya ardhi inayoteremka kutoka safu ya milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Kati ya mgongo na mgongo pana bonde, na enzi hizo bonde lisilo na mto lilikuwa na kijito. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, huonekana kwa mbali mawingu yanapoachana. Hewa ni ya baridi na udongo ni mwekundu. Katikati ya mwaka kipupwe huleta ukungu na manyunyu ya siku nyingi, mvua isiyomtoa mtu shambani wala kuubeba udongo, bali huuacha umelowa taratibu hadi chini.

Mtoto wa Kikuyu wa zama zile aliionja ardhi ya kwao kabla ya kuonja titi. Wanawake waliokuja kumpongeza mzazi walileta mazao ya mashamba yao: ndizi mbichi, viazi vitamu, miwa ya rangi ya zambarau. Ndizi na viazi vilichomwa, mama akavitafuna pamoja na muwa mbichi, kisha akamdondoshea mtoto maji yake kinywani. Wangari alipokelewa duniani hivyo, na alipokuwa mtu mzima alikisimulia kitendo hicho kama mwanzo wa uhusiano wake na udongo.

Jina nalo lilikuwa na mzizi wake porini. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na bibi huyo aliitwa Wangari, maana yake wa chui. Msitu wa Nyandarua wakati huo ulikuwa na chui wengi, na watoto walifundishwa namna ya kuishi nao. Wangari aliambiwa na mama yake kwamba akiuona mkia wa chui kando ya njia, asiukanyage wala asitimue mbio. Aendelee na safari yake huku akimkumbusha mnyama huyo kwamba wote wawili ni chui, hivyo hawana la kugombania. Mtoto aliyelelewa kwa maneno ya namna hiyo aliingia msituni kuokota kuni akiwa na tahadhari, bila kuuona msitu kama adui.

Baba yake, Muta Njugi, alikuwa dereva na fundi wa magari katika shamba la mlowezi Mwingereza karibu na Nakuru, na mwaka 1943 familia ilihamia huko. Bonde la Ufa lilikuwa limekwisha kutwaliwa na walowezi, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua. Mwaka 1947 mama, Wanjiru Kibicho, alirudi Ihithe na binti zake, kwa kuwa watoto wa kiume walikuwa wakisoma huko, na shambani kwa mlowezi hapakuwa na shule. Wangari alikuwa na umri wa miaka saba. Kurudi huko kuna uzito wake katika habari hii. Mtoto asiyewahi kuondoka kijijini huizoea mandhari kama anavyozoea pumzi, akaacha kuiona. Huyu aliifikia Ihithe akiwa na umri wa kushangaa, akitoka kwenye nyanda za mlowezi, na kijani cha vilima vya Nyeri hakikumtoka tena akilini.

Wangari hakuijua nchi hiyo kwa kutembea na kutazama. Aliijua kwa kazi. Wavulana walichunga mbuzi. Wasichana walichota maji, walikusanya kuni, walilima na kupalilia pamoja na mama zao. Mtoto wa kike alijua kijito kipi hakikauki, kuni za mti upi huwaka bila moshi, udongo wa wapi unafaa viazi na wa wapi unafaa maharagwe, kwa sababu asipojua alirudi nyumbani mikono mitupu au alitembea mara mbili. Ujuzi huo wa miguu na mgongo haukuandikwa popote. Miaka 30 baadaye, wanawake wa vijijini walipomweleza Profesa Wangari Maathai kwamba kuni zimekuwa mbali, hawakuhitaji kumfafanulia mbali ni kiasi gani.

Karibu na nyumba yao palikuwa na mti wa mugumo. Mugumo ni wa jamii moja na mikuyu; matawi yake hutanda mapana, majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja, na matunda yake huliwa na ndege, popo na nyani. Chini ya kivuli chake mimea midogo hujificha na jua, na ardhi hubaki na unyevu hata kiangazi. Kwa Wakikuyu mti huo ulikuwa mtakatifu. Wazee walitoa sadaka chini yake wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, walikoamini ni makao ya Ngai, Mungu wao, na hasa nyakati za ukame waliomba mvua hapo. Siku Wangari alipotumwa kuni, mama yake alimkataza asiokote hata kijiti kikavu kilichoanguka kutoka kwenye mugumo ule. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba ule ni mti wa Mungu: haukatwi, hauchomwi, hautumiwi. Ukristo ulikuwa umekwisha kuingia kijijini, lakini mwiko huo ulikuwa bado haujatoka.

Hatua mia mbili hivi kutoka kwenye mugumo kilipita kijito kiitwacho Kanungu. Maji yake yalikuwa safi kiasi cha kunywewa palepale. Mtoto aliyetumwa maji alifika mahali yalipobubujika kutoka ardhini, akalikunja jani pana la nduma, yaani gimbi, likawa kikombe, akanywa. Nduma ziliota kwenye tope la ukingoni, na kati ya mashina yake vyura walitaga. Mayai ya vyura hukaa majini yakiwa yameshikana kwa utando mwororo, meusi, meupe na ya rangi ya udongo, kama shanga zilizotungwa uzini. Wangari aliyadhania ni shanga kweli. Aliingiza mikono chini yake polepole, akazinyanyua ili azivae shingoni, na kila mara zilikatika na kuteleza kati ya vidole zikarudi majini. Alirudi siku nyingine akakuta shanga hazipo, na badala yake majini mmejaa viumbe weusi wenye mikia, wakipinda na kukimbia huku na huko: viluwiluwi. Baada ya muda nao hawakuonekana, ila vyura walikuwa wanaruka kwenye majani. Hakuna aliyemweleza kwamba vitu hivyo vitatu ni kitu kimoja. Alikuja kulijua hilo darasani, na alipolijua alikuwa na kijito chake cha kulisadikisha.

Habari hiyo ya shanga za vyura aliisimulia mara nyingi maishani mwake, na si vigumu kuona kwa nini. Ndani yake mna namna nzima ya kujifunza: kushika kwa mkono, kukosa, kurudi kutazama, kukuta mabadiliko, kungoja. Mama yake alimpa pia kishamba kidogo katikati ya shamba lake, cha upana ambao mtoto angeweza kukimaliza kwa jembe lake dogo. Alipanda humo viazi vitamu, maharagwe, mahindi na mtama, kisha kwa kukosa subira alifukua mbegu aone kama zimechipua. Mama alimwonya aziache, zitatoka zenyewe. Kila atakayewahi kusimamia kitalu cha miche anahitaji onyo hilo, na Wangari alilipata kabla hajajua kusoma.

Ingekuwa kosa kuieleza Ihithe ya wakati huo kama bustani isiyoguswa. Mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza, na mtoto aliyaona kwa macho yake. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikifyeka misitu ya asili ya Nyandarua ili kupanda miti ya kigeni iliyokua haraka kwa ajili ya mbao na viwanda: misonobari, mikaratusi, na miwati ambayo maganda yake yalitumika kutengenezea ngozi. Wangari alikumbuka mioto mikubwa iliyowaka milimani msitu wa asili ulipokuwa ukiteketezwa. Wakulima wenyewe waliipenda miti mipya, kwa kuwa ilileta fedha upesi, wakaipanda katika mashamba yao. Msitu wa asili una tabaka nyingi, kuanzia miti mirefu hadi vichaka, mianzi, kuvu na majani yaliyooza, na kila tabaka huizuia mvua kidogo isianguke ardhini kwa nguvu. Maji hupenya polepole, hukaa chini, kisha hutokea mabondeni kama chemchemi wakati wa kiangazi. Shamba la misonobari lililopandwa kwa mistari halina tabaka hizo, na ardhi iliyo chini yake huwa kavu na tupu. Kwa mbali milima ilibaki ya kijani, na macho ya wengi yaliridhika. Uwezo wake wa kutunza maji ndio uliokuwa ukipungua.

Wangari aliingia shule ya msingi ya Ihithe akiwa na umri wa miaka minane, baada ya kaka yake Nderitu kumuuliza mama kwa nini dada yao haendi shule kama wao. Swali hilo la mtoto, na jibu la mama asiyejua kusoma wala kuandika aliyekubali bila kusitasita, viliamua mengi. Akiwa na miaka 11 alipelekwa shule ya bweni ya Mtakatifu Sesilia katika misheni ya Mathari, Nyeri, na mwaka 1956 akaingia shule ya Loreto, Limuru. Miaka hiyo vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni vilipamba moto. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na watu wa Ihithe, mama yake miongoni mwao, waliondolewa kwenye boma zao zilizotawanyika na kusongamanishwa katika kijiji kimoja chini ya ulinzi. Nyandarua, mlima wa kuni na chemchemi, ukawa mlima wa wapiganaji na mabomu. Bweni lilimkinga msichana huyo, na papo hapo likamtenga na mashamba. Huko Loreto, sista mmoja aliyefundisha sayansi, Mother Teresia, alimwachia aoshe vyombo vya maabara, na hapo mapenzi yake ya viumbe hai yakapata jina la somo: baiolojia.

Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa wanafunzi Wakenya wapatao 300 waliopelekwa kusoma Marekani. Alipata shahada ya kwanza ya baiolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, mwaka 1964, kisha shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Marafiki zake wa huko walimwita Mary Jo, kwa jina lake la Kikristo. Aliporudi Kenya mwaka 1966 aliliacha, akajiita tena Wangari Muta, jina la bibi yake na la baba yake. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa utafiti wa ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho.

Mtu angetarajia kwamba njia hiyo, kutoka kijito hadi darubini, ingempeleka mbali na Ihithe moja kwa moja. Kilichomrudisha ni kupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akichunguza ugonjwa wa ndigana, unaoua ng'ombe na kuenezwa na kupe, na kazi hiyo ilimlazimu kwenda mashambani kukusanya wadudu hao. Alikuta ng'ombe wamekonda hadi mbavu kuhesabika, na nyasi hazipo. Mvua ilipomwagika, maji yaliteremka vilimani na kuvuka barabara yakiwa mekundu kama damu ya kuku. Mito iliyotoka Nyandarua, ambayo utotoni mwake ilikuwa angavu hata kwenye mafuriko, sasa ilijaa tope. Alikuja kutafuta adui wa ng'ombe, akatambua kwamba adui mkubwa kuliko kupe ni ardhi iliyovuliwa nguo.

Hapa ndipo mandhari ya utotoni ilipofanya kazi yake kubwa zaidi. Mapenzi ya maumbile mara nyingi husemwa kama hisia tu, furaha ya kukumbuka maua na ndege. Kwa Maathai kumbukumbu ilikuwa kipimo. Maelfu ya watu walivuka mito ileile kila siku bila kushtuka, na wengi wao walikuwa na macho mazuri na akili timamu. Kijana aliyezaliwa mwaka 1960, aliyeukuta mto ukiwa mwekundu, aliamini kwamba mito huwa hivyo. Uharibifu wa mazingira una tabia hiyo ya kujificha: huenda polepole kuliko maisha ya mtu, kila kizazi kikaanza kuhesabu kutoka pale kilipokuta mambo. Mwenye kumbukumbu ya maji yaliyonywewa kwa jani la nduma anabeba alama ya kina cha zamani, na anaweza kusema maji yameshuka kwa kiasi gani. Shahada zake zilimpa maneno ya kueleza sababu. Kilichomwambia kwamba kuna hitilafu ni kijito.

Na kijito chenyewe kilikuwa kimekauka. Aliporudi kijijini aliambiwa kwamba ardhi yenye mugumo ilikwenda kwa mwenyewe mwingine, na huyo aliuona mti unamchukulia nafasi, akaukata ili apande chai. Chai ilikuwa zao jipya la fedha kwa wakulima wadogo wa Nyeri, na haikuwa ajabu mtu kutaka kila hatua ya shamba lake imlipe. Wachache wangemlaumu. Lakini baada ya mti kuondoka, chemchemi ya Kanungu ilinyamaza, na vyura wakatoweka pamoja na nduma. Wanawake waliochota maji hapo wakawa wanayafuata mbali.

Mwanasayansi aliweza sasa kueleza kile ambacho mama yake alikitaja kwa jina la Mungu. Mizizi ya mugumo hushuka chini sana, hupasua mwamba na kufungua njia ambayo maji ya ardhini huipandia. Juu yake, mizizi hiyohiyo huushika udongo wa mteremko usiporomoke. Pale penye mugumo mkubwa mara nyingi palikuwa na chemchemi, na wazee waliokataza usikatwe walikuwa wakilinda chanzo cha maji, hata kama maelezo yao yalihusu sadaka na mvua. Imani ile ilipodharauliwa kama ushenzi, ulinzi uliokuwa umefichwa ndani yake uliondoka nayo, na hakuna sheria ya serikali iliyowekwa mahali pake. Maathai, aliyekuwa Mkristo Mkatoliki na mwanabaiolojia, hakuwataka watu warudi kutoa sadaka chini ya miti. Alitaka watambue kilichopotea siku mti ulipogeuka kuwa mbao.

Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na huko alisikia malalamiko ya wanawake wa vijijini, wengi wao wa mkoa wake wa Kati. Walisema hawana kuni, hawana maji safi, hawana lishe ya mifugo, na watoto wao wana utapiamlo. Jambo la mwisho lilimshangaza, maana eneo hilo lilikuwa na rutuba kuliko mengi nchini. Sababu ilikuwa jikoni. Githeri ya mahindi na maharagwe huchemka kwa saa nyingi, na viazi na nduma huhitaji moto. Penye uhaba wa kuni, mama hupika kinachoiva upesi, au hununua mkate mweupe na kuwapa watoto pamoja na chai ya sukari. Mashamba yaliyolisha kaya kwa vyakula vya aina kwa aina yalikuwa yamejaa kahawa na chai. Mwalimu wa chuo kikuu aliyekulia mjini angeweza kuisikia orodha hiyo kama matatizo manne. Aliyekulia Ihithe aliisikia kama tatizo moja, kwa sababu aliwahi kuliona jibu lake likiwa limesimama kando ya nyumba yao. Jawabu alilolitoa lilikuwa rahisi hadi wengine wakalicheka: wanawake wapande miti.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, maandamano yalitoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa Kamukunji, na miti saba ikapandwa kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya, akiwamo Mekatilili wa Menza wa Wagiriama na Nabongo Mumia wa Waluhya. Kati ya miti hiyo, miwili tu ndiyo iliyosalimika. Shughuli hiyo, iliyoanza kwa jina la Save the Land Harambee, ndiyo iliyokua ikawa vuguvugu la ukanda wa kijani, linalojulikana duniani kama Green Belt Movement. Vikundi vilihimizwa kupanda miche isiyopungua 1,000 kwa safu, ili miti ifungane na kuwa mkanda wa kuikinga ardhi na upepo na mmomonyoko.

Namna vuguvugu hilo lilivyofanya kazi inaonyesha lilikotoka. Mwanzoni miche iliombwa kwa idara ya misitu, na wataalamu walikuja kuwafundisha wanawake kwa lugha ya vipimo na mteremko, kana kwamba mtu hawezi kupanda mti bila cheti. Maathai aliwaambia wanawake waache hofu na watumie akili zao za ukulima. Walikuwa wamepanda mahindi na maharagwe maisha yao yote. Mbegu ya mti nayo ni mbegu. Walitafuta mbegu za miti ya asili katika maeneo yao, wakazisia kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu mahali ambapo kuku hawafiki, wakatazama nini kinaota na nini hakioti. Walilipwa fedha kidogo kwa kila mche, na malipo yalitolewa mche ukiisha kushika. Yule binti wa kishamba kidogo, aliyefukua mbegu zake kwa haraka, angezielewa taratibu hizo. Kufikia mwaka 2004 miti iliyokwisha kupandwa ilihesabiwa kuwa takriban milioni 30.

Kutoka hapo kazi yake iliingia katika siasa, na sehemu hiyo ya maisha yake inajulikana vizuri. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, akatukanwa hadharani na wakubwa, na mwishowe jengo halikujengwa. Tarehe 8 Januari 1999 alijeruhiwa kichwani na walinzi waliokodiwa, alipokwenda kupanda mti katika Msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa watu binafsi. Wengi walijiuliza kwa nini mama huyo ahatarishe maisha yake kwa ajili ya bustani ya mjini na msitu wa watu wengine. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuona matokeo ya mti mmoja kukatwa na mwenye hati ya ardhi: maji ya kijiji kizima yalikwenda nao. Uhuru Park na Karura vilikuwa mali ya wote vilivyotaka kugeuzwa mali ya mmoja. Kisa cha Ihithe kilikuwa kinarudiwa kwa kipimo cha taifa.

Desemba 2002 watu wa Tetu, jimbo lenye Ihithe, walimchagua kuwa mbunge kwa asilimia 98 ya kura, na mwaka uliofuata akawa waziri msaidizi wa mazingira. Katika wadhifa huo alipinga kurudishwa kwa utaratibu wa kulima mazao ndani ya misitu ya serikali, uliokuwa na watetezi wengi miongoni mwa wapiga kura wake mwenyewe. Alikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko wao ya jinsi msitu wa Nyandarua ulivyokuwa kabla ya kulimwa.

Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa safarini kwenda Tetu alipopokea habari kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Alisimama Nyeri, katika hoteli ya Outspan, akaomba mche na jembe. Alipiga magoti, akachimba kwa mikono, akapanda kibobakasi, mti wa maua mekundu, akielekea Mlima Kenya kama wazee wa Ihithe walivyoelekea. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Desemba, alisimama Oslo mbele ya familia ya kifalme na mabalozi. Alizungumzia demokrasia, amani na usimamizi wa rasilimali, na mwishoni kabisa akawasimulia kijito kilichopita karibu na nyumba yao: maji aliyoyanywa, majani ya nduma, shanga za vyura zilizokatika mikononi, viluwiluwi weusi. Kisha akaeleza kwamba kijito hicho kimekauka, na kwamba watoto wa sasa hawatajua kilichopotea.

Profesa Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa ugonjwa wa saratani. Alikuwa ameacha neno kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Jeneza alilobebewa lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.